Bunge la Kaunti na Shughuli Zake za Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wananchi wa Kenya huyarudia katika mabaraza, katika vikao vya kutoa maoni na kwenye milango ya ofisi za wawakilishi wadi. Mengi yana chanzo kimoja: mtu ana shida ya kweli, lakini ameipeleka kwa asiyehusika, au ameipeleka kwa mhusika wakati uamuzi umekwisha kupita. Ndiyo maana majibu yanataja hatua na tarehe kuliko yanavyotaja wakubwa.

## Mambo ya msingi

1. Bunge la kaunti ni nini, na linatofautianaje na Bunge la Taifa?

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 iliunda kaunti 47, na kila kaunti ikapewa serikali yenye sehemu mbili: bunge la kaunti, na kamati tendaji inayoongozwa na gavana. Mabunge haya yalianza kazi baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 2013. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha mipango na bajeti, na kuisimamia serikali ya gavana ili fedha zitumike kama zilivyoidhinishwa.

Bunge la Taifa na Seneti hushughulikia mambo ya nchi nzima. Mpaka kati ya kazi za huku na za huko umewekwa na Jedwali la Nne la Katiba, ambalo limeelezwa katika swali la 4.

2. Ni nani wanaoketi katika bunge la kaunti?

Kila wadi humchagua mwakilishi mmoja kwa kipindi cha miaka mitano. Wadi nchini ni 1,450, lakini mgawanyo wake hutofautiana sana: Lamu na Isiolo zina 10 kila moja, Mombasa ina 30, na Nairobi ina 85. Juu ya hao huongezwa wanachama wa viti maalumu, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge zima na ili watu wenye ulemavu, vijana na makundi yaliyotengwa yawe na sauti. Wanachama hawa hawana wadi, na kwa sababu hiyo wananchi wengi huwapuuza. Ni kosa, kwa kuwa wao nao huleta hoja, huketi katika kamati na hupiga kura kama wenzao.

Spika huchaguliwa na wanachama, lakini yeye mwenyewe hapaswi kuwa mmoja wao. Karani wa bunge ndiye mtumishi mkuu, na barua yoyote rasmi kwa bunge huandikwa kwa jina la cheo chake.

3. Mwakilishi wadi, msimamizi wa wadi na chifu: nimwendee nani?

Mwakilishi wadi ni mwanasiasa uliyemchagua, na kazi yake ni kukusemea bungeni. Msimamizi wa wadi ni mfanyakazi wa kaunti aliyeajiriwa kuratibu huduma katika wadi, kwa hivyo taa ya barabarani iliyozimika au taka zisizozolewa zianzie kwake. Chifu ni wa serikali kuu. Hana uhusiano na bunge la kaunti, ingawa baraza lake mara nyingi ndilo mahali ambapo tangazo la kaunti husomwa.

4. Nitajuaje kama shida yangu ni ya kaunti au ya serikali kuu?

Kaunti inasimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, kilimo na mifugo, masoko, leseni za biashara na maegesho ya magari, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani, maji na usafi wa mazingira, mipango ya ardhi na majengo, zimamoto, leseni za vileo, na hata leseni za mbwa. Serikali kuu inabaki na polisi, mahakama, shule za msingi na za upili, vyuo vikuu, hospitali za rufaa za kitaifa na utoaji wa hatimiliki za ardhi.

Kwa hiyo paa la darasa la chekechea lililong'olewa na upepo ni jambo la bunge la kaunti, lakini paa la shule ya msingi iliyo katika uwanja uleule si lake. Wazazi hawalipendi jibu hili, na si rahisi kuwalaumu.

Barabara ndizo zinazotatiza zaidi. Barabara kuu zinazounganisha miji ni za serikali kuu, na barabara za kaunti ni za kaunti, lakini kuhusu zile za katikati kumekuwa na mvutano wa miaka mingi kati ya ngazi hizo mbili. Kabla ya kuandika chochote, uliza katika ofisi ya barabara ya kaunti kama barabara yako imo katika orodha yao. Basari nazo zina utata wake. Mwanzoni mwa 2025 Msimamizi wa Bajeti, ofisa wa kitaifa anayeidhinisha utoaji wa fedha za umma, alizionya kaunti dhidi ya kulipia wanafunzi wa shule za upili na vyuo vikuu bila mkataba na serikali kuu, kwa kuwa elimu hiyo si kazi ya kaunti, na suala hilo likafikishwa mahakamani.

## Kikao cha siku ya kawaida

5. Bunge hukutana lini, na ninaweza kuingia kusikiliza?

Mabunge mengi hukutana Jumanne na Alhamisi alasiri, na Jumatano asubuhi na alasiri. Kikao cha alasiri kwa kawaida huanza saa nane na nusu. Kuna likizo kadhaa katika mwaka, na kalenda yake hutolewa na karani.

Kuingia ni haki yako. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge lifanye kazi hadharani, na umma au wanahabari hawawezi kuzuiwa ila pale Spika anapoamua kwamba kuna sababu maalumu na za haki za kufanya hivyo. Fika na kitambulisho, uvae kwa heshima, na ukae kimya katika roshani ya wageni. Vikao vya kamati vina kanuni hiyohiyo, na kusema kweli vina faida kubwa zaidi kwa msikilizaji, kama inavyoelezwa katika swali la 7.

6. Ni nini hasa hufanyika katika kikao kimoja?

Siwa, yaani fimbo ya mamlaka ya bunge, huingizwa mbele ya Spika na kuwekwa mezani, na ikiwa haipo, bunge halijakaa. (Wasomaji wa pwani watakumbuka kwamba siwa zenyewe ni baragumu za utawala, kama ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, neno lilihama likaacha sauti nyuma.) Baada ya sala, shughuli hufuata orodha iliyopangwa na kamati ya shughuli za bunge: ujumbe kutoka kwa gavana au Seneti, maombi ya wananchi, nyaraka na ripoti zinazowasilishwa mezani, ilani za hoja, na taarifa. Kisha huja mijadala yenyewe ya hoja na miswada.

Anayesikiliza kwa mara ya kwanza huona nusu ya kikao ikipita katika mambo ya dakika mbili mbili. Hizo dakika mbili ndizo zenye mambo ya mitaa. Mwakilishi anauliza kwa nini zahanati fulani haina dawa, mwenyekiti wa kamati ya afya anaahidi jibu kwa tarehe fulani, karani anaandika, na ahadi inaingia katika kumbukumbu rasmi za bunge ambazo unaweza kuziomba na kuzinukuu.

7. Mbona viti vingi huwa vitupu?

Akidi ya bunge, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiwe halali, ni theluthi moja tu ya wanachama wote, kwa hiyo ukumbi unaweza kuonekana mtupu na kikao kikawa halali. Aidha, kazi ngumu hufanywa katika kamati: ndiko mawaziri wa kaunti na wahandisi wanakohojiwa, na ndiko mswada hurekebishwa neno kwa neno. Kamati ina uwezo, sawa na wa Mahakama Kuu, wa kumwita shahidi na kudai nyaraka.

Hata hivyo utoro upo. Mwanachama anayekosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika na bila sababu ya kuridhisha anaweza kupoteza kiti. Ikiwa unamshuku wako, ushahidi ni rejista ya mahudhurio, wala si picha ya viti vitupu iliyozungushwa mitandaoni.

8. Je, ninaweza kutumia Kiswahili?

Ndiyo, katika barua, katika ombi na katika maoni ya mdomo, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wanachama nao huruhusiwa, ingawa kanuni za mabunge mengi humtaka aliyeanza kwa lugha moja amalize kwa lugha hiyo. Miswada, kwa masikitiko, huchapishwa kwa Kiingereza karibu daima. Ukialikwa kutoa maoni, una haki ya kudai muhtasari wa Kiswahili, na madai hayo yana uzito zaidi yakiandikwa mapema kuliko yakipigiwa kelele ukumbini.

## Kupeleka jambo la mtaa bungeni

9. Tuna soko lisilo na choo. Tutumie njia gani?

Njia ni tatu, na zinatofautiana kwa uzito.

Ya kwanza ni taarifa. Mwakilishi wenu huomba maelezo kutoka kwa kamati inayohusika, na kamati huyatafuta kwa waziri wa kaunti. Ni ya haraka, na inafaa pale mnapotaka kujua jambo: je, choo kilitengewa fedha, mkandarasi ni nani, kazi ilikwama wapi?

Ya pili ni hoja. Mwanachama hulitaka bunge liazimie kwamba serikali ya kaunti ijenge vyoo katika masoko yote. Hoja hujadiliwa na kupigiwa kura, na inafaa kwa jambo linalogusa wadi nyingi, lakini soma swali la 11 kabla ya kusherehekea.

Ya tatu ni ombi, ambalo mnaliandika wenyewe. Ubora wake ni kwamba halimtegemei mwakilishi wenu. Hata kama mmekosana naye, karani analazimika kulipokea likitimiza masharti.

10. Ombi linaandikwaje ili lisikataliwe?

Haki ya kuwasilisha ombi imo katika Kifungu cha 37 cha Katiba na katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Lieleze jambo lenyewe. Lieleze kwamba mlikwisha jaribu kupata msaada kwa ofisi husika na jibu likakosekana au halikuridhisha. Liseme kama jambo hilo liko mahakamani au la. Na limalizie kwa kutaja mnachotaka bunge lifanye. Kila anayeomba aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho, kisha atie sahihi au alama ya kidole gumba.

Maombi mengi hukwama penye sharti la pili. Watu hulalamika kwamba walikwenda ofisi ya kaunti mara tano, lakini hawana karatasi hata moja. Peleka barua, pigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, subiri muda wa haki, kisha ambatisha nakala hiyo. Sharti la mwisho nalo huleta shida: «tunaomba mtusaidie» si jambo ambalo kamati inaweza kulitekeleza, bali «tunaomba choo cha soko kitengewe fedha katika mwaka ujao wa fedha» linaweza.

Likishasomwa bungeni, ombi hupelekwa kwa kamati, ambayo kwa kawaida hupewa siku 60 kulichunguza na kutoa ripoti. Waombaji huitwa kujieleza. Mteue msemaji mmoja anayejua tarehe na majina ya ofisi. Kumi wakisema pamoja, kamati huondoka na mambo kumi nusunusu.

11. Hoja yetu ilipitishwa kwa shangwe. Mbona hakuna kilichofanyika?

Kwa sababu hoja ni azimio, wala haina fedha ndani yake. Inaitaka serikali ya kaunti ifanye jambo, lakini isipoingia katika mpango wa mwaka na katika bajeti, hakuna ofisa anayeweza kutoa hata shilingi moja kwa ajili yake. Yapo makabati yaliyojaa maazimio ya aina hii. Kila bunge lina kamati ya utekelezaji inayofuatilia maazimio na ahadi, na hiyo ndiyo ya kuandikiwa baada ya miezi michache ya kimya. Muhimu zaidi ni kuihamishia hoja hiyo katika kalenda ya bajeti (swali la 16).

12. Je, mwakilishi wadi anaweza kutujengea barabara yeye mwenyewe?

Hapana. Sheria ya Serikali za Kaunti inamkataza mwanachama wa bunge kushiriki, moja kwa moja au kwa njia ya pembeni, katika kazi za utendaji za kaunti au katika kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wake. Anaweza kupigania mradi uingie katika bajeti na anaweza kuuliza umefikia wapi, lakini hawezi kumchagua mkandarasi. Mabango yenye picha ya mwakilishi kando ya daraja jipya yanawapotosha watu kuhusu jambo hili, na wenye mabango wanajua.

## Miswada na maoni ya umma

13. Mswada hupitia hatua gani kabla ya kuwa sheria?

Mwanachama yeyote au kamati inaweza kuuleta, ingawa unaohusu fedha una masharti ya ziada. Husomwa mara ya kwanza bila mjadala, hupelekwa kwa kamati, na hapo ndipo umma huombwa maoni. Katika usomaji wa pili wanachama hujadili nia yake, kisha bunge zima hugeuka kuwa kamati na kupitia kifungu kimoja kimoja, na usomaji wa tatu huukamilisha.

Spika humpelekea gavana ndani ya siku 14, na gavana ana siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Asipofanya lolote, huhesabiwa kuwa ameidhinisha. Akiurudisha, bunge linaweza kukubali mapendekezo yake au kuupitisha tena kama ulivyokuwa, kwa theluthi mbili ya kura. Sheria huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali ndani ya siku saba, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe itaje siku nyingine. Isipochapishwa haina nguvu, hata kama gavana alitia sahihi mbele ya kamera.

14. Maoni yetu huzingatiwa kweli, au tunaitwa kunywa soda?

Yapo mabaraza ya soda, hilo halifichiki. Lakini mahakama zimeonyesha kwamba kupuuza umma kuna gharama. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ikasema kwamba kaunti inapaswa kuwafikia watu mahali wanapokutana, yakiwemo makanisa, misikiti, mabaraza na vituo vya redio. Tangazo la gazetini peke yake halikutosha.

Ushirikishwaji haumaanishi kwamba kila maoni yatakubaliwa. Unamaanisha kwamba mlipewa taarifa, muda na nafasi, na kwamba mliyosema yalifikiriwa. Kwa hiyo andikeni, taja nambari ya kifungu, pendekeza maneno mbadala, na baadaye omba ripoti ya kamati uone kama maoni yenu yametajwa.

15. Ada za soko ziliongezwa lini bila sisi kujua?

Ada na tozo huwekwa kwa Mswada wa Fedha, ambao hupaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bunge kupitisha Mswada wa Matumizi, ule unaoidhinisha matumizi ya bajeti. Kwa kuwa bajeti hupita mwishoni mwa Juni, wafanyabiashara waanze kuulizia Mswada wa Fedha kuanzia Julai. Kaunti haiwezi kubuni kodi yoyote ipendayo. Katiba inairuhusu kutoza kodi ya majengo na ardhi, kodi ya burudani, nyingine zilizoidhinishwa na sheria ya Bunge la Taifa, na malipo kwa huduma inazotoa.

## Bajeti

16. Tuende lini ili mradi wetu uingie katika bajeti?

Mapema kuliko mnavyodhani. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo unapaswa kuwa umefikishwa bungeni tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, yaani miezi kumi kabla. Mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha juu cha kila idara, hufika kabla ya 28 Februari na hujadiliwa kwa siku 14. Makadirio huletwa kabla ya 30 Aprili, na bunge huyapitisha kabla ya 30 Juni.

Wananchi hujaa katika kikao cha Mei au Juni, wakiwa na orodha za madaraja na visima. Wakati huo bunge haliwezi kuongeza kitu mahali pamoja bila kupunguza kiasi kilekile mahali pengine, na idara ina kiwango kilichofungwa tangu Februari. Anayepunguziwa naye ana mwakilishi wake anayepiga kura. Mtaa uliopeleka kisima chake Agosti, wakati mpango wa mwaka unaandikwa, haupigani na mtu.

17. Bajeti isipopitishwa kabla ya 30 Juni, kaunti inafungwa?

Haifungwi. Msimamizi wa Bajeti anaweza kuruhusu kaunti itumie sehemu ya fedha zilizo katika makadirio, isiyozidi nusu, hadi bunge litakapomaliza. Kinachoumia ni miradi mipya.

## Mambo yasiyo ya kawaida

18. Bunge la kaunti linaweza kumwondoa gavana?

Linaweza kuanzisha tu. Hoja huhitaji kuungwa mkono na theluthi moja ya wanachama wote ili ijadiliwe, na theluthi mbili ili ipite. Kisha Seneti husikiliza mashtaka na kuamua. Hivyo ndivyo Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi walivyoondolewa mwaka 2020. Wakati Seneti inasikiliza, gavana anaendelea na kazi.

19. Bunge na gavana wakigombana hadi kazi ikasimama?

Kifungu cha 192 kinamruhusu Rais kuisimamisha serikali ya kaunti katika hali mahsusi, baada ya tume huru kuchunguza. Wakaazi wa Makueni waliomba hivyo mwaka 2014, baada ya mzozo mrefu wa bajeti kati ya gavana Kivutha Kibwana na bunge. Tume ilipendekeza kusimamishwa, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa, na pande zote mbili zikabaki ofisini hadi uchaguzi wa 2017.

20. Je, tunaweza kumwondoa mwakilishi wadi kabla ya uchaguzi?

Sheria inaruhusu wapigakura wa wadi kumwondoa, kwa sababu zilizotajwa ndani yake kama vile utovu mkubwa wa maadili, lakini si kabla ya miezi 24 kupita tangu achaguliwe, wala katika miezi 12 ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu. Kiti kikiachwa wazi kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kifo, Spika huiarifu tume ya uchaguzi ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo hufanywa ndani ya siku 90.

21. Wadi yetu haina mwakilishi kwa sasa. Nani atatusemea?

Ombi la maandishi (swali la 10) halihitaji mwakilishi, kwa hiyo hiyo ndiyo njia ya kwanza. Mwanachama wa viti maalumu au mwenyekiti wa kamati husika anaweza kuomba taarifa kwa niaba yenu, na hakuna kanuni inayomfunga katika mipaka ya wadi.

22. Muhula ukiisha kabla ombi letu halijajibiwa, inakuwaje?

Shughuli zilizokuwa hazijakamilika huanguka pamoja na bunge lililokwisha, iwe ni mswada au ombi. Bunge jipya haliyarithi, wala karani halifufui ombi kwa hiari yake. Weka nakala yenye muhuri pamoja na ripoti yoyote ya kamati iliyokuwa imeandikwa, uliwasilishe upya mara tu kamati mpya zikiteuliwa, na utaje ombi la awali kwa tarehe yake ili kamati isianze uchunguzi kutoka mwanzo.